Nani Atamwamsha Mgeni? Kengele ya Moshi katika Vyumba vya Hoteli

Mhadhara kwa wenye hoteli na gesti, mameneja na wanafunzi wa fani ya hoteli



Nimeombwa nizungumzie kengele ya moshi katika chumba cha mgeni, na nashukuru kwamba mada ni finyu. Tumezoea kuzungumzia majanga ya moto kwa ujumla, watu wakatikisa vichwa, kisha kila mmoja akarudi kwake bila kazi mkononi. Leo tuzungumzie kifaa kimoja kidogo cha plastiki kinachofungwa darini, na swali moja ambalo kila mwenye hoteli anapaswa awe na jibu lake: mgeni akiwa amelala usiku wa manane katika chumba ulichomuuzia, na moto ukazuka, nani atamwamsha?

Tuanze na usingizi wenyewe. Wengi wetu tunaamini kwamba moshi ukiingia chumbani harufu yake itatuamsha. Sivyo. Pua ya aliyelala haimwamshi. Zaidi ya hapo, moshi wa godoro la sponji au zulia hubeba kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hung'ang'ania kwenye damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni mara 200 na zaidi. Anayeivuta akiwa usingizini huzama zaidi usingizini. Ndiyo maana baada ya moto wa hoteli waokoaji hukuta maiti zisizo na jeraha la kuungua, nyingine kitandani, nyingine nyuma ya mlango. Sikio ndilo linaloweza kumwinua mtu, nalo linahitaji sauti. Nyumbani kwako sauti hiyo inaweza kuwa ya mke, ya mtoto, ya jirani anayepiga kelele. Hotelini mgeni yuko peke yake, hamjui aliye chumba cha pili, hajui ngazi iko upande gani, na taa ikizimika hajui hata mlango wa chumba chake uko wapi. Amekulipa wewe umjulie hayo yote.

Naomba niwapeleke Marekani, kwa sababu huko historia ya jambo hili imeandikwa kwa kina kuliko kwingine kote, na kwa sababu sheria waliyoipata mwishoni ina funzo kwetu.

Desemba 7, 1946, mjini Atlanta, hoteli iitwayo Winecoff iliungua. Ilikuwa jengo la ghorofa 15, lililofunguliwa mwaka 1913, na wenyewe waliitangaza kuwa haishiki moto. Kwa kuta zake walikuwa wakweli: jengo lilibaki limesimama. Lakini ndani yake kulikuwa na mazulia, vitanda, mapazia na milango ya mbao, na ngazi ilikuwa moja tu, iliyo wazi toka chini hadi juu. Hapakuwa na kengele ya moto. Hapakuwa na vinyunyizi vya maji. Moto ulianza saa 9 usiku na ushei, ngazi ile ikageuka bomba la kupitishia moshi, na watu 119 wakafa, akiwemo mzee aliyeijenga hoteli hiyo na kuipa jina lake, aliyekuwa akiishi humo. Rais Truman aliitisha mkutano wa taifa wa kuzuia moto mwaka uliofuata. Kanuni za majengo zikabadilishwa katika miji mingi.

Hata hivyo miaka 34 baadaye, Novemba 21, 1980, mjini Las Vegas, mambo yakajirudia kwa sura mpya. MGM Grand ilikuwa hoteli ya ghorofa 26, yenye vyumba zaidi ya 2,000, mpya kabisa kwa vipimo vya hoteli, kwani ilikuwa haijatimiza miaka 7. Saa 1 asubuhi na dakika chache, wageni wengi wakiwa bado wamelala, moto uliokuwa ukifukuta ndani ya ukuta wa mgahawa mmoja wa chini ulijitokeza. Chanzo chake kilikuwa waya wa umeme wa friji ya kuoneshea keki, uliochubuka ndani ya ukuta. Ulipolipuka ulikimbia katika ukumbi wa kamari kwa dakika chache tu. Ukumbi huo haukuwa na vinyunyizi vya maji, kwa hoja kwamba una watu saa 24, hivyo moto wowote ungeonekana mapema.

Sasa sikilizeni sehemu ambayo mwenye hoteli hapaswi kuisahau. Moto wenyewe haukupanda ghorofani. Uliishia chini. Uliopanda ni moshi: kwenye mashimo ya lifti, kwenye ngazi, kwenye nafasi zilizoachwa kati ya sehemu za jengo, na kwenye mitambo ya hewa iliyousambaza hadi vyumbani. Waliokufa siku hiyo walikuwa 85, na 61 kati yao walikutwa kwenye mnara wa vyumba, ghorofa nyingi juu ya moto. Wachunguzi hawakupata ushahidi kwamba kengele ya kuwatoa watu ililia katika mnara huo. Wageni walijua kuna moto kwa kusikia vioo vikivunjwa, kwa kelele za watu nje, kwa mngurumo wa helikopta. Wengine walikimbilia ngazi, mlango ukajifunga nyuma yao, wakakuta moshi mbele na hawawezi kurudi ndani. Gharama ya vinyunyizi vilivyokataliwa wakati wa ujenzi ilitajwa kuwa dola 192,000. Fidia zilizolipwa baadaye zilifika dola milioni 223. Najua watu wa biashara wanapenda hesabu hiyo, na ni halali kuipenda, lakini mimi naomba mbaki zaidi na ile ya kwanza: watu 61 waliokuwa mbali na moto, na wengi wao walikuwa na muda, kama angetokea wa kuwaambia.

Miezi 3 haikuisha, Februari 1981, hoteli nyingine ya mji huohuo ikachomwa makusudi, watu 8 wakafa. Jimbo la Nevada likapitisha sheria kali mwaka huohuo, ya kuzilazimisha hata hoteli za zamani kuweka vinyunyizi na kengele. Kisha ikaja siku ya mwisho ya mwaka 1986, hoteli ya Dupont Plaza mjini San Juan, Puerto Rico, iliyotiwa moto wakati wa mgogoro wa wafanyakazi na mwajiri. Hapo walikufa zaidi ya watu 95. Ndipo bunge la Marekani likaona kwamba kuliachia kila jimbo na kila mji lifanye lake hakutoshi.

Sheria waliyoitunga ilitiwa saini Septemba 25, 1990. Ni fupi, na kwa maoni yangu ni miongoni mwa sheria zenye akili sana katika eneo hili. Haikumwamuru mwenye hoteli yeyote afanye chochote. Mamlaka ya ujenzi huko ni ya majimbo na miji, na bunge halikutaka kugombana nayo. Badala yake lilitazama mfuko wake lenyewe. Likasema: mtumishi wa serikali kuu anaposafiri kikazi, na serikali inapogharimia mkutano, fedha ya umma iende kwenye hoteli zilizotimiza masharti. Masharti yenyewe ni mawili. Kila chumba cha mgeni kiwe na kengele ya moshi iliyounganishwa na umeme wa jengo, na jengo lenye zaidi ya ghorofa 3 liwe na vinyunyizi vya maji. Basi. Orodha ya hoteli zilizotimiza ikatunzwa na idara ya zimamoto ya serikali kuu, hadharani, na idara za serikali zikapewa malengo ya kupanda mwaka hadi mwaka, mpaka asilimia 90 ya siku za malazi ya watumishi ziwe katika hoteli za orodha hiyo.

Tazameni lililotokea. Mwenye hoteli ambaye angeweza kumzungusha mkaguzi miaka 10, hakuweza kuizungusha orodha. Kama hayumo, wateja wa serikali wanapita mlangoni kwake wanakwenda kwa jirani. Na masharti yalikuwa mepesi kwa mdogo: hoteli ya ghorofa 1, 2 au 3 haikuambiwa iweke mabomba ya maji darini, iliambiwa tu iweke kengele katika kila chumba. Nitarudi kwenye jambo hili, kwa sababu gesti zetu nyingi ni za kimo hicho.

Ulaya nayo ilikuwa na lake. Desemba 22, 1986, Jumuiya ya Ulaya ilitoa pendekezo kuhusu usalama wa moto katika hoteli zilizokwisha kujengwa, zenye uwezo wa kulaza watu 20 au zaidi. Lilikuwa pendekezo, halikuwa amri, na nchi zikalifuata kila moja kwa kasi yake. Uingereza ilikuwa imeshatangulia: moto wa hoteli ya Rose and Crown huko Saffron Walden, Desemba 26, 1969, uliua watu 11, na sheria ya mwaka 1971 iliyofuata ikazilazimisha hoteli kupata cheti cha usalama wa moto.

Msinielewe kwamba habari hizi ni za kale. Januari 21, 2025, katika milima ya Kartalkaya nchini Uturuki, hoteli ya Grand Kartal iliwaka saa 9 na nusu usiku, wakati wa likizo za shule, imejaa familia. Walikufa watu 78. Walionusurika walisimulia jambo lilelile la Las Vegas: hawakusikia kengele. Watu walishuka madirishani kwa mashuka yaliyofungwa pamoja. Linganisheni na hoteli ya Cameron House huko Scotland, Desemba 2017. Pale mfanyakazi wa zamu ya usiku alitia jivu la mekoni kwenye mfuko na kuuweka kabatini karibu na mapokezi, moto ukazuka alfajiri. Kengele zililia, na wageni wapatao 200 wakatoka nje wakiwa na nguo za kulalia. Wawili walifariki, na mahakama iliitia hatiani hoteli kwa jivu lile na kwa kabati lile, kama ilivyostahili. Lakini kwa moto uliolila jengo lile la kale kwa kiasi kile, tofauti ya wawili na sabini na wanane haiwezi kuelezwa bila kutaja kengele.

Sasa tuingie chumbani.

Kengele ya moshi inafanya kazi kwa njia mbili kuu. Aina ya kwanza ina chembe ndogo sana ya metali ya amerisiamu inayopitisha umeme hafifu hewani. Moshi ukiingia, umeme ule hupungua, kengele inalia. Chimbuko lake husimuliwa hivi: mwanafizikia Walter Jaeger wa Uswisi, miaka ya 1930, alikuwa akitengeneza kifaa cha kugundua gesi ya sumu, hakikufanya kazi, akawasha sigara, akaona mshale wa kipimo unasogea. Aina ya pili hutumia mwanga: moshi ukiingia unautawanya mwanga hadi kwenye jicho la kifaa. Ya kwanza huwahi kuuona moto wenye ndimi, ya pili huwahi kuuona moto unaofukuta. Chumba cha kulala adui yake mkubwa ni kufukuta: sigara iliyodondokea godoroni, chaja iliyoachwa chini ya mto, ekstensheni ya umeme iliyobanwa nyuma ya kitanda. Ukiniuliza nikuchagulie, chumba cha mgeni kipewe ya mwanga. Nayo haisumbuliwi sana na moshi wa kupika.

Pa kuifunga ni darini, au ukutani juu kabisa, isizidi sentimita 30 kutoka darini, kwa sababu moshi wa moto hupanda kwanza. Iwe kama mita 1 au zaidi kutoka mlango wa bafu, maana mvuke wa maji ya moto huiliza bure. Iwe mbali hivyohivyo na mdomo wa kiyoyozi na ncha za feni, kwa sababu upepo huufukuza moshi usiifikie. Hii ya feni naisisitiza. Katika gesti nyingi za pwani fundi hutazama dari, anaona boksi la waya wa feni, anafunga kengele hapohapo pembeni ili asihangaike na waya mwingine. Usiku kucha feni inazunguka, na kengele ile imewekwa mahali pabaya kuliko pote chumbani.

Umeme wake ni suala la pili. Sheria ya Marekani ilidai waya wa umeme wa jengo kwa sababu betri husahauliwa, na huibwa. Sisi tunajua zaidi: umeme wenyewe hukatika. Kwa hiyo kifaa cha kwetu kinahitaji vyote viwili, waya na betri ya akiba, na siku hizi zipo betri zilizofungiwa ndani zinazodumu miaka 10, ambazo hakuna atakayezichomoa akazitie kwenye kipaza sauti cha ukumbi wa mikutano. Kisha kuna kosa ambalo limeingia na hoteli mpya. Mgeni anachomeka kadi ya mlango ukutani, umeme wa chumba unawaka. Akitoka na kadi, kila kitu kinazimika. Mpango mzuri wa kuokoa umeme. Lakini kama fundi ameiunga kengele kwenye njia hiyohiyo ya umeme, mgeni akitoka kwenda kula chakula cha jioni na kuacha kitu kinafukuta, chumba kinabaki na betri peke yake, na betri hiyo kama imekufa, hakina kitu. Kengele iwe na njia yake ya umeme, isiyopita kwenye kadi. Mwenye hoteli, hili unaweza kulijua kwa dakika 1: chomoa kadi, tazama kama taa ndogo ya kijani kwenye kengele imezimika.

Suala la tatu ni sauti, na hapa elimu imesogea mbele. Kengele iliyo koridoni hupoteza nguvu nyingi inapopita mlango uliofungwa. Ndani kuna feni inanguruma, au kiyoyozi, au televisheni iliyoachwa. Kipimo cha Wamarekani ni desibeli 75 zikipimwa pale mtoni, kichwa kilipo. Na si nguvu ya sauti peke yake. Kengele za kawaida hutoa mlio mwembamba wa hezi 3,000 na zaidi, ambao wazee, watoto, wasiosikia vizuri na aliyelewa mara nyingi hawauamkii. Mlio mzito wa hezi 520 huwaamsha vizuri zaidi, na tangu mwaka 2014 viwango vya huko vinautaka kwenye sehemu za kulala katika majengo mapya ya hoteli. Kwa mgeni kiziwi kuna kengele yenye taa kali inayopepesa, na kuna kitetemeshi kinachowekwa chini ya mto. Hoteli yenye hata vifaa viwili vya namna hiyo kabatini mapokezi, na mhudumu anayejua kuuliza kwa adabu, imemheshimu mgeni huyo kuliko maua ya kumkaribishia.

Suala la nne ni uzima wa kifaa. Nimeona kengele zilizopakwa rangi pamoja na dari mpaka vitundu vyake vikaziba. Nimeona nyingine bado zina kifuniko cha plastiki cha kuzuia vumbi la ujenzi, hoteli ina miaka kadhaa tangu ifunguliwe na kuzinduliwa kwa shangwe. Ukitazama kutoka chini unaona kifaa kipo, mkaguzi aliyechoka naye anaona kipo. Kibonyezwe kitufe kila mwezi, chumba kwa chumba, na tarehe na jina la aliyebonyeza viandikwe daftarini. Mara moja kwa mwaka kijaribiwe kwa moshi wa kopo, kwa kuwa kitufe kinakuambia kwamba mlio upo, hakikuambii kama moshi unaingia. Na kikitimiza miaka 10 kitupwe, hata kama bado kinalia. Tarehe ya kutengenezwa imeandikwa mgongoni.

Kazi hii ya kila mwezi ipewe wahudumu wa vyumba. Nasema hivyo nikijua mameneja wengi wataipeleka kwa fundi. Fundi anaingia chumbani kikiharibika kitu. Mhudumu anaingia kila siku. Yeye ndiye wa kwanza kuona kengele iliyofunikwa kwa mfuko wa plastiki au kofia ya kuogea, na ndiye anayejua chumba gani kinanuka sigara. Afundishwe, apewe kijiti cha kubonyezea na mamlaka ya kuandika, na asigombezwe anapoleta taarifa kwamba vyumba 6 havina kengele inayolia.

Kuhusu hao wanaofunika. Wengi ni wavutaji, lakini kwetu kuna mengine. Kuna maharusi waliofukiziwa udi chumbani, kuna mama anayefukiza ubani magharibi kama afanyavyo nyumbani, kuna gesti inayowawashia wageni dawa ya mbu ya kuchoma na kuiweka chini ya kitanda, sentimita chache kutoka kwenye chandarua kinachoning'inia. Kengele ikilia kwa sababu ya udi, mhudumu anakimbilia kuinyamazisha, na kesho yake inabaki imefunikwa. Mimi simlaumu anayefukiza udi, ni mila yetu na ni nzuri. Mwambieni mapema, kwa heshima, mtengeeni baraza au chumba chenye hewa, mpeni chetezo kilichotulia juu ya sinia la bati. Dawa ya mbu ya kuchoma ndiyo naiombea iondoke kabisa vyumbani: tieni wavu madirishani, wekeni chandarua kizima.

Na dirisha linanileta kwenye nondo. Kengele inamwamsha mtu ili atoke. Katika gesti nyingi za miji yetu madirisha yana nondo za kudumu, mlango mkubwa unafungwa kwa kufuli saa 6 usiku, na ufunguo uko mfukoni mwa mlinzi. Nchini Thailand, Julai 1997, zaidi ya watu 90 walikufa katika hoteli ya Royal Jomtien huko Pattaya, na ilibainika kwamba milango ya kutokea ilikuwa imefungwa ili wageni wasiondoke bila kulipa. Sina namna laini ya kulisema hili: mwenye gesti anayefunga mlango mkubwa kwa kufuli huku watu wamelala ndani amewafungia. Wezi wapo, najua. Lakini lipo komeo linalofunguka kwa ndani bila ufunguo, na lipo dirisha la nondo lenye bawaba. Kila mwenye karakana ya kuchomelea anaweza kulitengeneza wiki hii.

Sheria zetu hazikulala. Tanzania ina Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya mwaka 2007, inayolipa jeshi hilo mamlaka ya kukagua majengo, na namba ya kupiga ni 114. Kenya mwaka huohuo ilitoa kanuni za kupunguza hatari ya moto mahali pa kazi, zinazotaka ukaguzi na mazoezi ya kutoka angalau mara moja kila miezi 12. Na hoteli ni mahali pa kazi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina vigezo vya pamoja vya kuzipa hoteli nyota. Lakini wakaguzi ni wachache, gesti ni nyingi, na mwenye gesti ya vyumba 12 kule Makambako au Busia hatafuti nyota. Anaona cheti kama karatasi ya kulipia, anailipia, anaitundika nyuma ya kaunta.

Hapa ndipo ninapoirudia sheria ile ya 1990. Mteja mkubwa wa hoteli na gesti za bara letu ni nani? Watalii wako Serengeti, Mara na fukwe za Unguja. Dodoma, Morogoro, Kibaha, Naivasha, Kisumu na Entebbe, vyumba vinajazwa na semina, warsha, mafunzo, vikao vya kamati na safari za kikazi. Fedha inatoka serikalini, kwenye halmashauri, kwa mashirika ya ndani na ya nje, na kwa wafadhili. Kila mtumishi anayechukua masurufu na kila mshiriki anayesaini posho amebeba sehemu ya nguvu ambayo bunge la Marekani liliitumia. Hatuhitaji kungoja sheria mpya wala bajeti mpya. Ofisi inayoandaa semina tayari inaitaka hoteli ioneshe leseni ya biashara, namba ya mlipa kodi, ukumbi wa watu kadhaa, chai ya saa 4 na projekta. Huuliza hata idadi ya vitafunwa. Haiulizi kama washiriki 40 watakaolala pale wataamshwa moshi ukiingia.

Kuna watakaosema gesti ndogo zitaumia. Ndiyo maana nilisisitiza kimo cha jengo. Kwa gesti ya chini au ya ghorofa 1, ninachokidai ni kengele moja kwa kila chumba na moja koridoni, zilizounganishwa ili moja ikilia zilie zote. Betri ya akiba. Mlango unaofunguka kwa ndani. Na mtu wa zamu ya usiku anayejua kwamba kengele ikilia anakwenda kutazama kwanza kabla ya kuinyamazisha, na akiona moshi anawatoa watu wote bila kumpigia bosi kumwomba ruhusa. Mwenye gesti anayenunua televisheni bapa kwa kila chumba anaweza kununua kengele. Hoteli za ghorofa nyingi ni habari nyingine. Hizo zinatakiwa ziwe na mfumo kamili, paneli mapokezi, vinyunyizi na ngazi mbili zilizozibwa moshi usiingie, na hazina kisingizio.

Ndugu zangu mnaosaini matumizi ya semina, wakurugenzi, wahasibu, maofisa ugavi, waratibu wa miradi: ninyi ndio nilikuja kuwaombea jambo hili, hata kama leo mko wachache ukumbini. Katika barua inayofuata ya kuomba bei kutoka hotelini, chini ya mstari wa ukumbi na chai, ongezeni huu: "Kila chumba cha kulala kiwe na kengele ya moshi inayofanya kazi, yenye umeme na betri ya akiba, hoteli iambatishe nakala ya daftari la majaribio ya miezi 3 iliyopita." Hoteli isiyoweza kuambatisha nakala hiyo, msiwapeleke watu wenu kulala huko.